Mke wa Rıza Bey

Necmi alikuwa na wivu na ndege. Tuseme ukweli mapema, tusizungukezunguke. Mwanamume mzima, dereva wa tramu, masharubu yake yamejaa, alikuwa anamwonea wivu kindege kisichojaza kiganja. Na wala si wivu wa utani, ule wa kusema kidogo na kusahau. Huu ulimkaa kooni, supu ikawa haipiti.

Ndege mwenyewe alikuwa kasuku mdogo wa buluu, wa aina ile inayoning'inia dirishani katika nusu ya nyumba za mji wa Eskişehir, huko Uturuki. Wenyewe humwita ndege wa muhabbet. Muhabbet hiyo ndiyo mahaba yetu, ila kwao inakwenda mbali zaidi: watu wawili wakiketi kwa chai wakapiga soga mpaka birika likauke, hiyo nayo ni muhabbet. Na huyu ndege, kwa kuwa anajua kusema, akapewa jina hilo. Wa nyumbani kwa Necmi aliitwa Rıza Bey.

Bey, jamani. Heshima ya wakurugenzi na madaktari. Handan, mke wa Necmi, ndiye aliyempa. Asubuhi akifunua kitambaa cha tundu humwamkia kwanza yeye: "Rıza Bey, umeamkaje bwana wangu? Umeota nini?" Necmi, aliyemwoa kwa ngoma na zumari mtaa mzima ukishuhudia, alikuwa Necmi tu. Siku nyingine hata Necmi hakuwa. Alikuwa "wewe, ondoa viatu vyako njiani."

Lakini tumtendee haki Handan. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za wateja wa kampuni ya bima. Wakati wa korona kampuni ilifunga ofisi, na korona ilipoisha haikuifungua tena. Ikawapelekea wafanyakazi kompyuta na hedfoni majumbani, ikawatakia kazi njema. Mwanzoni Handan alifurahi. Hakuna baridi ya asubuhi, hakuna kupanga foleni kituoni, unafanya kazi na soksi za sufu. Baadaye akaona ubaya wake. Ofisini mteja akikutukana unamgeukia mwenzako wa pembeni, mnamcheka, tusi linaishia hapo. Nyumbani tusi linabaki na wewe. Unakwenda nalo jikoni, unakatia nalo vitunguu.

Akaanza kutetemeka mikono simu ikiita. Akaacha kula mchana. Jioni akifunga kompyuta hakutaka sauti ya binadamu yeyote, na mumewe alikuwa binadamu. Daktari wa zahanati ya mtaani alimpima hiki na kile, mwisho akafunga faili akasema, "Dada, wewe huumwi. Wewe uko peke yako."

Necmi alikuwa ameketi palepale, kofia magotini. Peke yake vipi, na mimi nani? Hakuuliza. Ila neno lile lilimwingia, likakaa.

Ndipo Ferhunde, dada mkubwa wa Handan, alipoleta ndege kwenye kisanduku chenye matobo. Hata majani ya masika hayajafunguka vizuri, Handan akawa mtu mwingine. Rıza Bey alishinda begani kwake, akiumauma waya wa hedfoni, akisikiliza kila simu. Na akajifunza. Siku moja mzee mmoja wa mji wa Konya alikuwa anafoka kuhusu gari lake lililogongwa, anataka mkubwa wa kazi, tena sasa hivi. Kabla Handan hajafungua kinywa, ndege akainamia maiki akasema kwa sauti ya Handan kabisa, "Nakuelewa vizuri sana, bwana."

Mzee akanyamaza. "Na huyo nani?"

"Ni Rıza Bey," Handan akasema, maana uongo haukumjia haraka.

"Haya. Afadhali yeye ananielewa."

Handan alicheka mpaka machozi. Alimsimulia Necmi wakati wa chakula, akiiga sauti ya mzee, akiiga ya ndege, uma hewani. Necmi alitabasamu kwa meno tu. Alikuwa anatafuta mara ya mwisho yeye kumchekesha mkewe hivyo, na haikumjia.

Toka hapo sifa zote zikawa za ndege. Ferhunde akipiga simu ya picha anasema, "Nionyeshe Rıza Bey." Mama mkwe huko Kütahya anauliza, "Rıza Bey hajambo?" Hata daktari alipoona Handan ameongezeka uzito alisema, "Huyo ndege mtunzeni, ni dawa." Dawa. Nani aliyekuwa akichemsha supu ya dengu kipindi kile mkono wa mwanamke ulishindwa kushika mwiko? Nani aliyemfunika blanketi kila alipopitiwa na usingizi kwenye kiti? Hakuna aliyeuliza kama Necmi hajambo. Na ndege naye, kama aliyejua, alikuwa na mchezo wake: Necmi akirudi tu, anaruka anatua kichwani mwake, anamwachia alama yake, anarudi begani kwa Handan. Handan anakwenda kuchukua kitambaa huku anacheka.

Hayo yote mtu angeyavumilia. Kilichomvunja ni mlango.

Siku hiyo tramu yake ilipata hitilafu, wakamruhusu aende nyumbani mapema. Alivua viatu ukumbini, akakuta mlango wa chumba cha kazi umeegeshwa. Handan alikuwa kwenye mapumziko, anaongea polepole, sauti ambayo Necmi hakuwa ameisikia kwa muda mrefu.

"Leo nilikuwa naogopa tena, Rıza Bey," alikuwa anasema. "Sijui naogopa nini. Simu ikiita moyo unashuka. Na jana nimemwota baba, amesimama mlangoni, hataki kuingia. Unafikiri ana maana gani?"

Ndege akatoa milio yake ya kubembeleza, kisha akasema, "Nakuelewa vizuri sana."

Necmi alisimama na soksi zake juu ya vigae baridi. Baba wa Handan alikuwa ameshafariki, na yeye Necmi ndiye aliyebeba jeneza upande wa kichwa. Angeweza kuambiwa ndoto hiyo. Angeweza hata asiijibu, mradi aambiwe. Badala yake akavaa tena viatu, akatoka, akazunguka ukingo wa mto mpaka muda wake wa kawaida wa kurudi. Alikuwa na hasira ya mtu aliyefumania, na hakuwa na wa kumpiga.

Kesho yake, kwenye chumba cha madereva, aliuliza kwa kuzunguka, kama mtu anayemuulizia jirani. Ndege wa mtu fulani ana kelele sana, afanywe nini?

Şaban, mwenzake wa zamu, hakuinua hata macho kutoka kwenye bao. "Mwozeshe."

"Mwozeshe vipi?"

"Mletee jike. Kaka, hili mbona kila mtu analijua? Akiwa peke yake anaongea na wewe. Akipata mke anaongea na mke, kwa lugha yao. Binadamu hana habari naye tena."

"Ananyamaza kabisa?"

"Wewe ulishawahi kunisikia mimi nikiongea nyumbani?" Şaban akasema, akasogeza kete, na chumba kizima kikaangua kicheko. Necmi pia alicheka. Alicheka sana, kuliko utani wenyewe ulivyostahili.

Duka la ndege lilikuwa karibu na daraja. Muuzaji alimtolea jike wa manjano, akamwonyesha pua ya rangi ya udongo, ndiyo alama ya jike, kisha akamuuliza kama nyumbani ana mwingine.

"Ninaye dume. Anaongea."

"Anaongea? Basi huyu muache, mzee wangu. Utampoteza msemaji."

"Nifungie huyohuyo," Necmi akasema.

Njiani alikiweka kisanduku ndani ya koti kwa ajili ya baridi. Alisikia vidole vya ndege vikikwaruza kifuani kwake, na moyoni anajipangia maneno. Zawadi. Nimemwonea huruma. Ukiwa na nia mbaya, maneno mazuri hayakosekani.

Handan alitoka na hedfoni shingoni. Alimtazama ndege wa manjano, kisha akamtazama mumewe, na akamtazama kwa muda.

"Unajua Rıza Bey atafanya nini?" akauliza.

"Atafurahi. Upweke mbaya, maskini. Kila kiumbe anataka mwenzake."

Handan alishusha macho, na rangi ikampanda mashavuni. "Sawa," akasema. "Vizuri, Necmi. Asante."

Asante hiyo ilimkwama kidogo, akaimeza. Jioni ile Handan alifunga kompyuta kabla ya kawaida yake. Alivaa sweta ya kijani, akachana nywele, akateleka chai, akaweka glasi mbili na bakuli la mbegu za alizeti mezani. Necmi aliketi, akanywa, akasifu chai, kisha akawasha televisheni kwa kuwa timu ya mji ilikuwa inacheza. Alikuwa na raha hasa. Alimtupia mkewe jicho akajisemea: sasa tumebaki wawili.

Rıza Bey hakuchukua muda. Mwanzo alizubaa, akawa anaruka huku na huku hajui aende begani au tunduni. Kisha akaanza kuinamisha kichwa mbele ya yule wa manjano, akimlisha kwa mdomo, akimpangusa shingo. Maneno yakapungua, yakabaki vipande, yakaisha. Handan akimwita, ndege anageuza shingo mara moja, kwa adabu, kama bwana harusi aliyeitwa na mama yake, kisha anarudi kwa mkewe. Begani hakuja tena. Mlio wao wenyewe ulijaa nyumba, lakini haukuwa na kitu cha mtu ndani yake.

Necmi akangoja zamu yake. Alirudi kila siku, akavua viatu, akaketi mezani, akangoja. Hesabu yake ilikuwa ya fundi bomba: ukifunga mfereji huu, maji yatatokea kwenye ule. Maneno ya Handan yatakwenda wapi tena, kama si kwake?

Hayakuja. Wakala supu, vijiko vikalia. Wakala pilau ya ngano, vijiko vikalia. Ndipo alipogundua kwamba hata yale machache aliyokuwa akiambiwa yalikuwa masalio ya ndege. Leo Rıza Bey kasema hivi, leo kaiba mbegu ya nyanya. Sasa Rıza Bey hana jipya, na Handan hana la kusimulia. Mchimba kisima aliingia mwenyewe, tena kichwa chini.

Mzee wa Konya alipiga tena kuhusu gari lake. Necmi alikuwa jikoni siku hiyo, akasikia. Mzee hakufoka. Lazima aliulizia, kwa sababu Handan alisema, "Hapana, bwana. Rıza Bey ameoa." Mzee akasema kitu. "Ndiyo," Handan akasema. "Na mimi nilidhani ni habari njema."

Mikono ya Handan ikaanza kutetemeka tena. Chakula cha mchana kikawa kinarudi kwenye friji na kifuniko chake. Ferhunde alikuja siku ya mapumziko, akasimama mbele ya tundu bado na koti lake, akatazama wale wawili wakibembelezana.

"Jike kaleta nani?"

"Necmi," Handan akasema.

Ferhunde akamgeukia. "Shemeji, wewe hujui au una roho mbaya? Chagua moja nijue namna ya kukusalimia."

"Nilitaka mema," Necmi akasema.

"Basi siku ukitaka mabaya tutahama mji."

Handan hakumtetea wala hakumsema. Alimimina chai, na glasi ikagongana na kisahani mkononi mwake mpaka Ferhunde akaishika. Necmi aliuona mkono ule, akaogopa. Wivu ulikuwa bado upo, sitakudanganya, wivu haufi kwa siku moja. Ila sasa ulikuwa na hofu juu yake, na hofu ilikuwa nzito zaidi.

Siku aliyokuwa hana zamu aliamua kulimaliza. Handan alikuwa chumbani na simu, mlango umefungwa. Necmi alichukua taulo na kile kisanduku cha dukani, akafungua tundu sebuleni, akaingiza mkono. Ndege wakalipuka. Alimkosa, akamkosa tena, akampata yule wa manjano pembeni, naye akamng'ata kidole gumba kwa nguvu ambayo usingeitegemea kwa kitu kidogo hivyo. Rıza Bey aligonga vyuma kwa kifua, akapiga kelele. Necmi alifika navyo hadi ukumbini, damu, taulo, ndege na manyoya, mlango wa chumba ukafunguka.

"Unampeleka wapi?" Handan akauliza.

"Dukani. Ili wako aanze kuongea tena."

"Hataongea. Atajinyonyoa manyoya, atakaa pembeni, mpaka afe. Mrudishe, Necmi. Yeye kakosa nini?"

Alimrudisha. Wale wawili wakasogeleana kwenye kijiti, kila mmoja anahakikisha mwenzake. Necmi alirudi ukumbini amefunga kidole kwa taulo. Handan alikuwa bado amesimama palepale.

"Kwa hiyo ulijua," Necmi akasema. "Kwamba atanyamaza."

"Nimekulia nyumba yenye matundu manne ya ndege. Baba alikuwa hampi mtu jike kama ana ndege msemaji nyumbani. Nilijua toka ulipoingia mlangoni na kisanduku."

"Sasa asante ilikuwa ya nini?"

Handan aliegemea mlango wa chumba. Alikuwa amechoka, na alijibu bila kupandisha sauti.

"Nilifikiri umeamua. Mtu hawezi kumnyamazisha ndege wa mkewe hivihivi. Nikasema, huyu ana neno. Huyu ananiambia, Handan, ndege basi, mimi nipo, tuzungumze. Nikaona haya kama msichana. Nikavaa sweta, nikachemsha chai. Ukawasha mpira."

Necmi hakuwa na pa kuweka uso. Akafanya wanachofanya watu wakibanwa. "Na wewe si ungeanza? Mdomo unao."

"Mimi naongea kutwa, Necmi. Naongea na watu wasionijua mpaka koo linauma. Nilikuwa nangoja mmoja aanze yeye."

Ukumbi ule ulikuwa mwembamba, viatu upande huu, makoti upande ule, watu wawili hawapishani bila kugusana. Angeweza kwenda jikoni. Alitazama upande wa jikoni. Kisha akasikia mdomo wake ukisema kabla hajaukataza.

"Nilikuwa na wivu."

"Na nani?"

"Na Rıza Bey." Hilo Bey lilimtoka lenyewe. "Nilisimama hapo nje ya mlango. Ulikuwa unamwambia unaogopa. Ukamwambia ndoto ya baba. Baba ambaye mimi nimembebea jeneza. Nilitaka kumkaba yule ndege, Handan, Mungu anisamehe, nilimwaza mkononi. Nikaenda nikazunguka mtoni mpaka miguu ikaniuma. Nikamnunua jike, muuzaji akanikataza, nikamwambia funga. Sikumwonea huruma mtu yeyote. Nilitaka ubaki huna wa kumwambia ila mimi."

Alingoja kicheko, au mlango kubamizwa. Alikuwa tayari kwa vyote viwili.

Handan hakucheka. "Hilo," akasema, "ndilo neno la kwanza la kwako mwenyewe kuniambia sijui tangu lini. Mengine yote ni zamu, gesi na mpira."

Hedfoni zikaanza kulia shingoni kwake, mteja mwingine, mlio mwembamba uliofika mpaka masikioni mwa Necmi. Handan alizivua, akazitundika kwenye ndoano ya makoti. Zikaendelea kulia humo, kati ya mitandio na koti la kazi la tramu.

"Endelea," akasema. "Mimi unajua ninachoogopa, umenisikia mlangoni. Wewe unaogopa nini?"

Miezi yote ile Necmi alitamani maneno ya mwanamke huyu kama maskini anavyotamani mkate, na sasa aliposogezewa meza akakuta yeye ndiye mwenye zamu ya kupakua. Aliketi chini, juu ya mkeka wa viatu, kidole kikimpwita ndani ya taulo.

"Mwakani nastaafu," akasema. "Nitakuwa hapa kutwa, mimi na wewe. Naogopa nitakaa siku nzima pembeni yako, na usiwe na haja ya kunigeukia."

Handan alisogeza viatu kwa mguu, akaketi.